Tangi Lililovuta Pumzi

Kabla ya kufungua faili lolote, Inspekta alikuwa na kawaida ya kufumba macho kwa muda mfupi, viganja vyake vikiwa juu ya jalada. Wenzake kituoni walishamzoea, ingawa hawakuacha kumtania.

"Umesinzia tena, afande," alisema fundi wa kituo. Alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cheusi cha grisi begani.

"Naomba akili. Ya kwangu haitoshi."

"Kwa kesi hii huhitaji nyingi. Gari ni zima. Nimeliwasha mara nne, na mara nne limewaka."

Inspekta alifumbua macho, akafungua faili. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Kesho saa kama hiyo, dereva wa zahanati angesimama mbele ya hakimu kwa shitaka la kula njama na wezi.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Juzi, dereva alitumwa mjini kuchukua darubini ya maabara, ya kwanza tangu zahanati ifunguliwe. Alilipakia sanduku nyuma ya pikapu, akajaza tangi mafuta mpaka shingoni, akaanza safari ya kurudi. Karibu na tanuri la matofali, gari likazimika. Alihangaika nalo, likakataa. Akatembea hadi gereji ya jirani, akaikuta imefungwa. Aliporudi, sanduku halipo. Yeye mwenyewe ndiye aliyepiga simu polisi.

Jioni ile ile darubini ilipatikana, haina hata mkwaruzo, chini ya majani makavu nyuma ya tanuri. Wachoma matofali wawili walikamatwa. Na hao wawili wakasema jambo moja kwa mdomo mmoja: dereva ni mwenzao. Alikubali kuzimisha gari pale, aondoke, wao wachukue.

"Nisomee tena maelezo yako," alisema Inspekta.

Fundi alipokea karatasi, akasoma kama mtu anayesoma risiti. "Nilifika na gari la doria saa tano na dakika kumi. Nilifungua tangi, likatoa sauti kama mtu anayevuta pumzi. Nilipima kwa kijiti, mafuta yamejaa. Nilipiga stata, gari likawaka mara moja. Nililiendesha hadi kituoni, mwendo wa dakika kumi na tano, bila tatizo."

"Na hapa uani?"

"Jana asubuhi, jana mchana, leo asubuhi. Nimekagua kila kitu. Plagi zina moto mzuri. Chujio la mafuta safi. Nilichota mafuta nikayaweka kwenye chupa usiku kucha, nikitafuta maji au uchafu. Hakuna. Betri nzima, koili nzima." Alikunja karatasi. "Gari hili ni bibi kizee, lakini kifua chake bado cha binti. Huyo jamaa anatudanganya."

Mkuu wa kituo alipita ukumbini, akachungulia. "Saa kumi jioni nataka faili mezani," alisema. "Kama huna jipya, linaenda mahakamani kama lilivyo."

"Ndiyo, afande."

*

Dereva aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, amevaa shati la bluu lililofuliwa mara nyingi. Kifungo chake cha tatu kilishonwa kwa uzi mwekundu. Alisubiri kuambiwa akae ndipo akakaa.

"Umeendesha gari hilo miaka mingapi?"

"Kumi na mitano, afande."

"Unabeba nini kwa kawaida?"

"Wajawazito, zaidi. Nawatoa majumbani nawaleta zahanati. Wagonjwa wasioweza kutembea. Dawa."

"Umbali gani?"

"Karibu. Dakika kumi, dakika kumi na mbili. Kisha nazima, nasubiri, narudi."

Inspekta aliandika. "Siku ile liliendaje kabla ya kuzimika?"

"Lilikwenda vizuri nusu saa hivi. Halafu likaanza kukosa nguvu. Nakanyaga mafuta, halivuti. Likakohoa mara tatu, likanyamaza."

"Likanyamaza ghafla, au lilikufa polepole?"

Dereva aliwaza. "Polepole. Kama mtoto anayenyonya na maziwa yamekwisha."

"Ulikagua nini?"

"Plagi. Nyaya. Nikachomoa bomba la mafuta kwenye kabureta, nikapiga stata. Halikutoka hata tone."

"Ulifungua tangi?"

"Ya nini, afande? Nilikuwa nimetoka kulijaza. Mshale unaonyesha limejaa."

"Na uliporudi kutoka gereji, mbona hukujaribu kuliwasha tena?"

"Nilirudi nikakuta sanduku halipo. Gari nikalisahau kabisa. Nilikuwa kwenye majani, natambaa kama mwehu, nalitafuta." Alitazama mikono yake. "Ile darubini tuliisubiri miaka sita. Mimi niliwaahidi wenzangu wa zahanati nitaibeba kama yai."

"Wale wawili wanasema mlipanga."

"Nawafahamu kwa sura tu, nikipita wananipungia. Labda waliniona naondoka. Walipokamatwa wakaona wakiwa watatu mzigo utapungua. Sijui nikwambie nini, afande. Gari lilikataa. Sina shahidi ila gari lenyewe, na nalo limenigeuka."

Inspekta alifunga daftari, akarudi uani moja kwa moja. Fundi alikuwa ameinama juu ya injini ya pikapu. Kijiti chake cha kupimia mafuta kilikuwa kimechomekwa mfukoni, mahali pale pale ambapo watu wengine huweka kalamu.

"Swali moja," alisema Inspekta. "Ukiletewa gari lililozimika, unaanza na nini?"

"Mafuta. Marehemu bwana mkubwa aliyenifundisha kazi alikuwa akitupiga makofi tukisahau. Kwanza pima tangi kwa kijiti, usiamini mshale. Pili moto wa plagi. Tatu hewa ya kabureta. Siku zote kwa mpangilio huo."

"Na juzi barabarani?"

"Mpangilio huo huo."

"Na jana mara mbili, na leo?"

"Afande, nimekuambia, ni siku zote."

"Kwa hiyo hujawahi kuliwasha gari hili bila kwanza kufungua tangi."

Fundi alilitazama tangi, kisha kijiti chake, kisha akamtazama Inspekta.

"Ile sauti," alisema taratibu.

"Ile sauti. Umeiandika mwenyewe. Tangi lilivuta pumzi. Nani anavuta pumzi kwa nguvu hivyo? Ni mtu aliyekuwa amebanwa."

*

Walikaa watatu mbele: fundi kwenye usukani, Inspekta katikati, dereva mlangoni, pingu mikononi. Kabla ya kuondoka, Inspekta alisimama kando ya tangi kama mlinzi. Leo asubuhi fundi alishalifungua na kulifunga kama alivyolikuta. Kuanzia sasa asingeligusa mtu. Mafuta yalikuwa bado yamejaa karibu na shingo, na hilo alilitaka.

Kiti cha pikapu kilikuwa na kiraka kipana kilichoshonwa vizuri sana, mshono mdogo mdogo wa uzi mwekundu. Inspekta alikipapasa kwa kidole, akakiacha.

"Saa nne na dakika tano," alisema. "Twende."

Walipita soko la mbao, wakapita daraja la chuma, wakaingia barabara ndefu inayoelekea zahanati. Dakika kumi. Kumi na tano. Injini ilinguruma bila wasiwasi.

"Kama binti," alisema fundi.

"Lisifie polepole, fundi," alisema dereva. "Likisifiwa linavimba kichwa."

Dakika ishirini. Ishirini na mbili. Fundi alianza kupiga mluzi. Ishirini na nne, mluzi ukakatika. Alikanyaga mafuta zaidi.

"Halivuti," alisema.

Gari lilikohoa, likajikokota, likakohoa tena. Dakika ya ishirini na sita, fundi alilielekeza pembeni ya barabara nalo likafa, polepole, kama dereva alivyosema. Kilichosikika ni kunguru tu, na dereva aliyekuwa akinong'ona, "Asante, Mungu wangu. Asante. Limesema."

Fundi aliruka nje. Mkono wake ulishashika kijiti, na miguu ilishaelekea kwenye tangi.

"Usifungue," alisema Inspekta.

"Lakini kwanza ni mafuta."

"Leo anza na namba mbili. Bwana mkubwa atakusamehe."

Fundi akaanza na namba mbili. Plagi zilitoa moto. Kisha akachomoa bomba la mafuta kwenye kabureta, Inspekta akapiga stata. Pampu ilicheza, na bomba likabaki kavu. Tangi limejaa, pampu inafanya kazi, na tone halifiki.

"Sasa fungua. Taratibu, tusikie sote."

Fundi alizungusha kifuniko. Kabla hakijatoka, tangi lilivuta hewa ndani kwa sauti ndefu, fyuuu, hata vumbi la pembeni likaonekana kusogea. Chini ya kifuniko palikuwa na kipande cha nailoni nzito, mviringo, kimeufunika mdomo wa tangi kama kofia.

"Na hii?" aliuliza Inspekta.

"Hiyo niliiona tangu juzi," alisema fundi kwa aibu. "Kila nikipima nairudisha mahali pake. Magari ya zamani hayakosi vitambaa na vinailoni, mtu anaziba harufu. Sikuitilia maanani." Alikigeuza kifuniko, akakichungulia ndani. "Mpira umekwisha kabisa. Na hapa pana tundu la kupumulia, dogo kama tundu la sindano. Limeziba vumbi, nadhani miaka mingi. Hewa ilikuwa inapita kwenye mpira uliolika. Nailoni ikaziba hata hapo."

"Mafuta yanatoka, hewa haiingii."

"Mpaka tangi linayazuia mafuta yake lenyewe. Na likiwa limejaa ndiyo mapema zaidi, maana hewa iliyomo ni kidogo. Kwa safari zake za dakika kumi, au kwenda mjini tangi likiwa karibu tupu, asingejua kamwe." Fundi alijipiga paji la uso, na grisi ikabaki pale. "Na mimi nalitibu kila nikija kulipima, halafu nasema haliumwi."

Injini iliwaka kwa stata moja. Lakini Inspekta hakutaka kurudi. Walirudisha nailoni, wakafunga, wakaendesha tena. Safari hii lilikufa dakika ya ishirini na nane. Kisha wakaitoa nailoni, wakafunga kifuniko kitupu, wakaendesha dakika arobaini nzima. Gari halikukohoa hata mara moja.

"Imetosha," alisema fundi.

"Sasa imetosha," alisema Inspekta. Aliishika ile nailoni kwa ncha za vidole, akamgeukia dereva. "Nani aliiweka hii?"

Dereva alikuwa mtu tofauti na yule aliyekuwa akishukuru saa moja iliyopita. Tangu nailoni ilipotoka, macho yake hayakuitazama. Sasa alitazama barabara.

"Mimi," alisema.

"Wewe?"

"Mimi, afande. Andika mimi."

Fundi alishusha pumzi. "Ndugu yangu, unajua unachosema? Ukiwa umeiweka wewe, mwendesha mashtaka atasema ulijua namna ya kulizimisha. Umejifunga kamba shingoni."

"Ni mimi."

Inspekta aliigeuza nailoni. Ilikuwa imekunjwa mara mbili na kupigwa pindo pande zote, mpira mwembamba ukipita ndani ya pindo. Mshono mdogo mdogo, ulionyooka. Uzi mwekundu.

"Pindo hili ulilishona kwa mashine au kwa mkono?"

Dereva alisita. "Kwa mashine."

"Ni mkono. Na kifungo chako cha tatu, nani alikishona?"

Dereva aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kile kifungo.

"Afande," alisema baadaye, sauti ikiwa chini sana. "Ana miaka sabini na moja. Akijua, hatalala tena maisha yake yote. Niache nifungwe mimi."

*

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, ua umefagiwa. Mama mzazi wa dereva alikaa karibu na dirisha ili apate mwanga, shati la mtu magotini, sindano mkononi. Sanduku la kadibodi kando yake lilikuwa na vibiringo vya nyuzi, karibu zote nyekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, sogeza hicho kiti. Umekuja kwa ajili ya mtoto wangu?"

"Kwa ajili yake. Hizi nyuzi nyekundu zote ni za nini?"

"Nilishona majoho ya kwaya. Zikabaki. Basi dunia yote sasa naishona nyekundu." Akacheka kidogo. "Mwanangu analalamika kifungo chake kinaonekana kama kipele."

Inspekta aliiweka nailoni juu ya meza. Uso wa mama ukachangamka.

"Ah, kofia yangu. Imefika hadi polisi?"

"Ni kazi yako?"

"Ni yangu. Wiki ya tatu hii. Kulikuwa na binti mmoja, mimba ya miezi minane. Harufu ya petroli ikamchafua tumbo, akatapika njia nzima. Mwanangu alirudi hapa hakugusa chakula. Nikamwambia, niletee kipimo cha mdomo wa tangi. Nikachukua nailoni ngumu, nikaikunja, nikaishonea. Hata nesi mkuu alikuja kuiangalia, akanisifu, akasema sasa gari linanukia kama gari la waziri."

"Wiki ya tatu. Una hakika?"

"Ilikuwa Jumanne. Nesi mkuu aliandika kwenye kitabu chake cha gari. Anaandika kila kitu yule, hata tairi likitemewa mate."

Inspekta aliandika tarehe, akaipigia mstari. Barua ya kuitwa kuchukua darubini ilikuwa imefika zahanati siku nne tu zilizopita. Nailoni ilikuwa juu ya tangi zaidi ya wiki moja kabla mtu yeyote hajajua kwamba kutakuwa na safari. Hakuna anayetega mtego kwa mzigo ambao hajui utakuja lini.

"Mwanangu," alisema mama. Sindano yake ilikuwa imesimama. "Mbona unaniuliza habari za kofia?"

Inspekta angeweza kusema ni utaratibu tu. Lakini kesho mama huyu angeweza kuulizwa mbele za watu, na ilikuwa heri alisikie hapa, kwenye kiti chake. Alimweleza yote, polepole: hewa, tangi, dakika ishirini na sita. Alimweleza pia kwamba mwanawe alisema ameiweka yeye.

Mama aliiweka sindano mezani, akasema, "Kwa hiyo ni mimi niliyemfunga mtoto wangu."

"Mama, nisikilize. Kama ungeziba kwa kitambaa tu, kama watu wengine, leo ningeamini ameweka yeye. Faili lingeenda mahakamani. Ni mshono wako ulioniambia. Pindo hili, hakuna mwanamume barabarani anayeshona namna hii. Umemtoa wewe."

Mama aliichukua ile nailoni, akalipapasa pindo kwa kidole gumba, kwa muda mrefu, kama mtu anayesahihisha kazi ya mwanafunzi. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Mungu ana namna zake," alisema. "Andika, basi. Andika ni mimi. Na andika pale kwamba nilitaka wale mabinti wasafiri vizuri."

"Nimeshaandika, mama."

"Nisomee."

Inspekta akamsomea.

*

Nesi mkuu aliusoma ukurasa wa kitabu cha gari kwa simu, tarehe na sifa zake zote. Wachoma matofali walipowekwa vyumba tofauti na kuulizwa dereva alilizimishaje gari, mmoja alisema alichomoa waya wa betri, mwingine alisema aliishiwa mafuta kwa makusudi. Saa kumi kasoro robo faili lilikuwa mezani kwa mkuu wa kituo, na maelezo mapya ya fundi juu yake, yenye sentensi moja aliyoiandika bila kuambiwa: "Kosa la awali la ukaguzi lilikuwa langu."

Mkuu alisoma hadi mwisho, akatia sahihi ya kumwachia. "Tangi kuvuta pumzi," alisema. "Nimefanya kazi hii miaka ishirini na nane."

Dereva alipotoka, mama yake alikuwa kwenye benchi. Mama alimshika mwanawe mashavu kwa mikono miwili, akamtikisa kidogo, kama anavyotikiswa mtoto aliyechelewa kurudi. Dereva aliinama, akauweka mkono wa mama yake kichwani mwake mwenyewe.

Fundi alikuwa amepata kifuniko kingine kwenye mabaki yake ya vyuma, kina mpira mzima, na tundu la kupumulia alilizibua kwa sindano aliyoazima kwa mama. Alikifunga kwa mkono wake.

"Harufu haitatoka," alimwambia mama, "na hewa itaingia. Lakini nitaomba ile kofia, mahakama ikimaliza nayo. Nitaitundika gereji. Kila nikitaka kusema gari la mtu halina ugonjwa, niitazame."

"Nitakushonea nyingine, nzuri zaidi," alisema mama. "Nyekundu."

Mama na mwana wakapanda. Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika arobaini, na binti wa ile mimba ya miezi minane alikuwa na siku yake ya kliniki kesho asubuhi; wangempitia njiani.

Pikapu ilipotoka getini, Inspekta alitazama saa yake. Alirudi ofisini, akafumba macho, viganja juu ya jalada lililofungwa. Fundi alimkuta hivyo, akavuta kiti bila kutania. Naye alikuwa anatazama saa.

Dakika ishirini na sita zilipita. Thelathini. Dakika ya arobaini na mbili simu iliita.

"Afande," ilisema sauti ya dereva. "Tumefika. Sijalizima bado. Nilitaka usikie."

Inspekta aliigeuza simu ili fundi naye asikie. Injini ya bibi kizee ilikuwa ikinguruma upande wa pili, bila kukohoa, na mahali fulani nyuma yake sauti ya mama ilikuwa ikimwambia yule binti ashuke polepole, aangalie kiti, kiraka ni kipya.